Mama Mkwe Safu ya Tatu

Kama wiki iliyopita ulikuwa shambani na gazeti lako likaishia kufungia sukari, nikurudishe kidogo.

Mimi ni Felician Sulle, muuza vitunguu saumu wa Dongobesh. Nilinunua mashine ya kutotolesha vifaranga, ikachemsha mayai yote. Nikanunua trekta kwa kuangalia picha kwenye simu, likaja nusu ya mbele peke yake. Nilipolalamika, muuzaji akaniuliza: "Kwani kwenye picha uliona nyuma?"

Sikuwa nimeona nyuma.

Mke wangu Perpetua hakufoka. Alifunga mizigo, akawachukua watoto, akaenda kwa mama yake Mogitu. Mlangoni aligeuka mara moja tu.

"Baba Mary, siku utakayotaka kununua kitu, ukakikagua kwanza kama mtu mwenye akili, tena mama yangu akishuhudia, nitarudi. Kabla ya hapo usinipigie simu."

Nilibaki na nusu trekta na jiko baridi. Kisha nikasikia habari za gari la Irene.

Lilikuwa gari la umeme. La kifahari, viti saba, safu tatu, jeusi tii, linang'aa kama kiatu cha bwana harusi.

Najua unachosema. Mtu aliyeshindwa na mayai anataka gari?

Nisikilize kwanza. Sikulitaka kwa majivuno. Nililitaka kwa heshima.

Kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawabanani. Hamgusani, hamkai benchi moja, na ukimwona anakuja njiani unampisha mpaka ndani ya mahindi ya watu. Sasa mama mkwe wangu, Mama Ernestina, ana goti bovu, na mwenye jukumu la kumpeleka kliniki Katesh ni mimi. Kwenye gari dogo la kukodi yeye hukaa nyuma, mimi mbele, nimeinama hadi kidevu kinagusa magoti ili kisogo changu kisimkaribie. Nikishuka natembea kama alama ya kuuliza.

Safu tatu zingemaliza tatizo. Mimi mbele, watu katikati, mama mkwe nyuma kabisa, na heshima imejaa gari zima.

Tena ghala langu la vitunguu lina sola paa zima. Jua ninalo. Mafuta ya nini?

Irene ni binti wa Mogitu, anakaa kwenye nyumba waliyoachiwa na wazazi wao, yeye na kaka yake Gregory. Huyo Gregory alikuwa Arusha, kwenye kampuni ya kupeleka watalii mbugani. Kampuni ikafungwa, wakampa gari badala ya mafao. Yeye akapata kazi Dodoma, gari akamwachia dada yake uani, chini ya turubai. Kuku walitaga chini yake mpaka siku kaka alipopiga simu akasema: "Liuze hilo."

Ndivyo Irene alivyotueleza, na sikuona sababu ya kutomwamini.

Jumamosi asubuhi nikafika Mogitu nimevaa koti. Nilikuja na mtaalamu wangu, Mwalimu Mwita, anayefundisha fizikia sekondari. Mwalimu ni mtu wa Tarime, na sauti yake ni ya kuamuru gwaride hata anapoomba chumvi. Gari la umeme alikuwa hajawahi kuligusa, lakini umeme wenyewe ameufundisha mpaka wanafunzi wake wengine sasa ni mababu.

Perpetua alikuwa amesimama uani kwa Irene, mikono kifuani. Mama yake alikaa kwenye kigoda, uso ameuelekeza ukutani, kama heshima inavyotaka.

"Shikamoo, mama," niliuambia ukuta.

"Marahaba, baba," ukuta ukajibu.

Kando yao, ameegemea fimbo, alikuwako Mzee Gidamis wa Gendabi. Shuka begani, kondoo kwenye kamba. Nilimjua, nani asiyemjua? Kwenye mnada wa Katesh hakuna dume aliyewahi kupita mbele ya mzee huyu bila kukosolewa.

"Shikamoo, mzee. Umepotea huku?"

"Marahaba. Nilikuwa napita."

Kutoka Gendabi mpaka Mogitu mtu hapiti, mtu anakwenda. Lakini akili yangu yote ilikuwa kwenye gari.

"Nimesikia unanunua mnyama asiyekula," alisema. "Acha nikusaidie kumwangalia. Macho ya mzee ni ya bure."

Perpetua akanitazama. "Haya, Baba Mary. Kagua."

Nikakagua.

Nilianza na boneti, kama wanaume wote. Irene akaifungua. Nikaweka mikono kiunoni, nikainama kuangalia injini.

Hapakuwa na injini.

Palikuwa na shimo safi lenye kapeti, na ndani yake mwavuli na ndala ya mguu mmoja.

"Wameiba injini!" nilipiga kelele. "Perpetua, umeona ninavyokagua? Nimegundua mapema! Trekta lilikosa nyuma, hili limekosa mbele!"

Irene alishika ukuta asianguke kwa kicheko. "Kaka Felician, gari la umeme halina injini. Lina mota, ziko chini huko. Hapo ni pa kuwekea mizigo."

Mwalimu Mwita akakohoa. "Nilikuwa nataka kusema hivyo hivyo."

Hakuwa anataka kusema hivyo hivyo. Nilimwona kwa macho yangu akiinua kapeti kuangalia kama injini iko chini yake.

"Hapo kuku watakaa vizuri," mama mkwe aliuambia ukuta.

Tukaingia kwenye betri. Mwalimu alisema gari la namna hii unanunua betri, hayo mengine ni mapambo. Irene akatuonyesha skrini kubwa kama mlango wa kabati, akaeleza bila kuficha kwamba betri huchoka polepole kama goti la mtu. Mama mkwe akaguna kukubali.

"Lilipokuwa jipya, ukitoka hapa unafika Arusha na kurudi bila wasiwasi," Irene alisema.

"Na sasa?"

"Kwenda, linafika. Kurudi ni maombi."

"Unalichaji wapi?"

"Soketi ya sebuleni. Ukiliweka Jumapili baada ya misa, Jumanne linakaribia kujaa."

"Na umeme ukikatika?"

"Linasubiri, kama sisi."

Huku nyuma Mzee Gidamis alikuwa analizunguka. Alilipiga gurudumu kwa fimbo. Alilibinya ubavu. Aliinama mbele yake, akalitazama taa kwa taa kwa muda mrefu, kama anayesubiri lipepese.

"Mama yake ni wa wapi?" aliuliza.

"Ni gari, mzee."

"Kila kitu kina mama."

"Limetoka nje ya nchi."

"Ndiyo maana." Akatikisa kichwa. "Miguu mizito. Tumbo liko chini sana, likivuka korongo litakwaruzika. Halafu halilii. Mnyama asiyelia ana ugonjwa wa ndani."

Kila alipokosoa, moyo wangu ulishangilia, nikijua Irene anasikia na bei inashuka. Nilimwona mzee kama malaika aliyetumwa amevaa shuka.

"Bado viti," Perpetua akasema. "Si ndivyo vilivyokuleta? Mama apande nyuma tuone."

Mama mkwe akainuka na goti lake, akasaidiwa na bintiye, akapanda hadi safu ya tatu. Akaweka mkoba mapajani. Akatulia kama askofu.

"Panafaa," alisema kutoka huko ndani. "Hata mkwe simwoni."

Nilifurahi mpaka nikaharibu.

Ubavuni mwa buti palikuwa na vitufe, kila kimoja na kijipicha cha kiti. Mkaguzi mzuri anajaribu kila kitu. Nikabonyeza.

Kiti cha mama mkwe kikaanza kujikunja.

Kilijikunja polepole, bila kelele, kwa ustaarabu mkubwa. Mgongo wa kiti ukamsukuma mbele, kichwa kikaanza kushuka kuelekea mkoba, kama mtu anayelazimishwa kusali.

"Jamani nafungwa!" alilia. "Perpetua! Nakunjwa kama mkeka!"

Sasa nielewe, msomaji. Mkono wangu ndio uliokuwa karibu kuliko wa mtu mwingine yeyote. Lakini mkono wa mkwe haumkamati mama mkwe hata akizama. Nikabaki nimeunyoosha hewani, napiga kelele: "Mama, inama! Mama, inuka! Mama, samahani!"

Nikabonyeza kitufe cha pili. Kiti cha jirani nacho kikaanza.

Nikabonyeza cha tatu. Gari zima likajishusha chini kama ng'ombe anayelala.

"Simama!" Mwalimu Mwita aliliamuru. Halikumtii.

Aliyemwokoa ni Mzee Gidamis. Alitupa fimbo, akaingia na shuka lake mzima mzima, akamshika mama mkwe mikono yote miwili, akamvuta nje kama anayemzalisha ng'ombe.

Nilisubiri matusi. Perpetua alikuwa ameshajaza kifua, anatafuta neno la kuanzia.

Mama mkwe akaanza kucheka. Alicheka mpaka kilemba kikamdondoka. Mzee Gidamis akakiokota, akakikung'uta vumbi kwa uangalifu, akampa.

"Asante, mzee. Kumbe bado una nguvu."

"Kidogo," alijibu, akamtazama kondoo wake.

Irene akavikunjua viti, na sisi wengine tukarudi kwenye mambo ya gari.

Kilichobaki kilikuwa kuliendesha. Hapo Perpetua akatoa hukumu: gari la viti saba likaguliwe na matako saba. Tukahesabu. Irene kwenye usukani, mimi pembeni yake. Katikati Perpetua, Mwalimu na Mzee Gidamis. Nyuma mama mkwe, ambaye alikataa kuhama safu yake ("Sasa tumezoeana," alisema). Tulikuwa sita.

"Kondoo wangu anahesabika," Mzee Gidamis akasema.

Kondoo akapandishwa safu ya tatu. Tulipoondoka tu, gari likaanza kulia, tii, tii, tii, likionyesha kwenye skrini kwamba kuna abiria hajafunga mkanda. Irene akasema halitanyamaza mpaka mwisho wa safari. Basi kondoo akafungwa mkanda. Akanyamaza yeye, likanyamaza na gari.

Tukashika lami kuelekea Katesh, Mlima Hanang umejifunika wingu lake.

Sijui nikueleze vipi ukimya ule. Fikiria umekaa sebuleni na miti ndiyo inayokimbia. Dereva mmoja wa bodaboda aligeuka akatukuta ubavuni mwake, hakuwa amesikia chochote. Akafanya ishara ya msalaba akiwa ameachia mikono yote.

"Lina mbio?" niliuliza, kama mkaguzi.

Irene alikanyaga. Mwalimu Mwita, aliyekuwa anatueleza sheria ya pili ya mwendo, aliimeza nzima.

Kutoka katikati, Mzee Gidamis hakuacha kuuliza maswali.

"Binti, unakanyaga kipi?"

"Hiki cha kulia, mzee."

"Na kulisimamisha?"

"Ukiachia tu linapunguza lenyewe, mpaka linasimama."

"Gia?"

"Halina. Unasukuma huu mkono chini, unakwenda."

"Punda ana masharti zaidi," alisema.

Tulipopita Katesh na kuacha lami, tukaingia mteremko wa kuelekea Gendabi. Hapo Mwalimu akapaza sauti mpaka kondoo akashtuka.

"Angalieni betri! Inapanda! Linateremka na linajichaji!"

Ilikuwa kweli. Namba ya betri ilipanda mbele ya macho yetu.

"Basi sisi tutateremka tu!" nilisema kwa furaha. "Tusipande popote!"

"Utaishia ziwani, Baba Mary," Perpetua akasema.

Kisha akacheka.

Nilimwona kwenye kioo. Mke wangu, aliyenihama kwa sababu ya mayai na nusu trekta, alicheka mpaka akafuta macho kwa ncha ya khanga. Akainama mbele, akaniambia karibu na sikio: "Umekagua vibaya. Lakini umekagua."

Nilihisi nyumba yangu inarudi kwenye msingi wake. Niliona sufuria zikirudi jikoni, watoto wakigombania uji. Msomaji, ningekufa dakika ile ningekufa mtu mwenye bahati.

Sikufa. Tulifika Gendabi.

Kundi la ng'ombe lilikuwa linavuka njia, Irene akasimama kuwapisha. Nikaona hiyo ndiyo nafasi ya kukagua chini ya gari, kwa sababu trekta lilishanifundisha kwamba upande usiouona ndio usiokuwepo. Irene akaliinua gari kwa kitufe, likapanda taratibu. Tukashuka wote, isipokuwa mama mkwe kwa ajili ya goti lake, na kondoo kwa ajili ya mkanda.

Nilikuwa nimelala chali, kichwa chini ya gari, naangalia chuma nisichokijua kwa uso wa mtu anayekijua, niliposikia mlio mdogo. Tik.

Nikatoka. Milango ilikuwa imejifunga. Vioo vya pembeni vimejikunja kama masikio ya mbwa anayeogopa.

Irene alisogeza kadi yake ya kufungulia mlangoni. Hakuna. Akaisugua kwenye sketi, akajaribu tena. Hakuna.

"Mama!" Perpetua aligonga kioo. "Mama, uko salama?"

Ndani, mama mkwe alimpungia mkono. Alikuwa ametulia kabisa. Tena nilimwona anajipaka mafuta ya midomo.

Simu ya Irene ikaita. Ilikuwa Gregory. Irene akaweka sauti kubwa ili sote tusikie.

"Irene, usihangaike na hiyo kadi. Nimekuondoa kwenye gari."

"Umeniondoaje wakati uko Dodoma?"

"Kwa simu. Gari bado linanisikiliza mimi. Nimeliuza."

"Umeliuza? Si uliniambia niliuze mimi? Mteja wangu yuko hapa chini ya gari!"

"Ulichelewa, dada yangu. Na yule mzee amenilipa kwa ng'ombe. Irene, ungewaona! Wamefika jana, madume yenye nundu mpaka huku. Nimewaangalia usiku kucha. Nimeacha kazi. Mimi ni mfugaji sasa."

Kwa nyuma, kwenye simu, ng'ombe alilia kuthibitisha.

"Mzee gani, Gregory?" Irene alikuwa karibu kulia naye.

"Wa huko huko Gendabi. Tulikubaliana atangulize ng'ombe, kisha alikague, akiridhika anipigie. Amenipigia sasa hivi, nami nimemtumia ufunguo kwenye simu yake. Anasema ameridhika, amepata watu wamemkagulia vizuri sana, hata mwalimu wa fizikia alikuwepo."

Tuligeuka wote kwa pamoja.

Mzee Gidamis alikuwa amesimama hatua chache nyuma yetu. Kutoka chini ya shuka, kwenye kifuko cha ngozi, alikuwa ametoa simu kubwa, kioo kizima, bora kuliko yangu. Akaanza kutembea kuelekea gari.

Gari likamwamkia. Nakuapia. Taa zikawaka polepole, vioo vya pembeni vikafunguka, milango ikafanya tik, na kiti cha dereva kikarudi nyuma kumpa nafasi. Sisi tuliolizunguka tangu asubuhi halikutufanyia hata robo ya heshima ile.

"Mzee!" Sauti yangu ilipanda mpaka ng'ombe wakageuza vichwa. "Si ulisema lina miguu mizito? Si ulisema lina ugonjwa wa ndani?"

"Kijana, dume unayemtaka, unamsifia mnadani?"

Hapo nikasahau koti, nikasahau umri wake, nikasahau kwamba mke wangu alikuwa ananishika mkono. Nikamnyooshea kidole.

"Wewe ni mwizi! Mwizi wa mchana! Umetutembeza kama ndama! Mzee mzima huna aibu, unaiba mpaka ukaguzi wa mtu!"

Perpetua aliachia mkono wangu.

Mzee Gidamis hakukasirika. Ingekuwa nafuu angekasirika. Alinitazama kama alivyolitazama gari, taa kwa taa.

"Sijakuibia kitu," alisema. "Wewe ulikagua, mimi nikasikiliza. Mwalimu, asante kwa somo."

"Karibu," Mwalimu Mwita akajibu kwa mazoea.

Mzee akapanda, akaketi nyuma ya usukani.

"Mzee, wewe hujui kuendesha!" Irene alipiga kelele.

"Nimekutazama njia nzima, binti. Kukanyaga linakwenda. Kuachia linasimama."

"Na mama yangu yumo ndani!" Perpetua akaruka kufungua mlango wa nyuma. "Mama, shuka! Mama, toka huko!"

Mama mkwe hakushuka. Alifungua mkanda wake. Akapita katikati ya viti, kwa goti lile lile ninalolipeleka Katesh kila mara, akapita wepesi kama msichana anayechelewa kwaya. Akafika mbele. Akaketi pembeni ya mzee, kwenye kiti changu.

Gari likaondoka.

Halikunguruma, halikutoa moshi. Lilijiondokea tu, mlango wa nyuma ukamponyoka Perpetua na kujifunga. Lilipinda kushoto, likapinda kulia, likakikosa kichuguu kwa unywele, likanyooka. Kioo cha mlango wa mbele kikashuka, na kichwa cha mama mkwe wangu kikatokeza na kilemba chake.

"Perpetua mwanangu, msitufuate! Tunamuwahi paroko!"

"Paroko wa nini, mama?"

"Tunakwenda kuandikisha ndoa!"

Kisha vumbi. Na katikati ya vumbi, kwenye kioo cha nyuma, uso wa kondoo ukitutazama, bado amefungwa mkanda.

Irene alikaa chini, akavua viatu. Mwalimu Mwita alifungua mdomo, akaufunga, kwa kuwa hiyo haikuwemo kwenye silabasi.

Mimi nilikuwa naanza kuunganisha mambo. Mzee aliyekuwa "anapita" Mogitu. Kilemba kilichokung'utwa vumbi. Mjane aliyekataa kuhama kiti. Nilitaka hata kutabasamu, kwa kweli. Mama mkwe amekaa upweke tangu mumewe afariki, na mtu aliyetoa madume yake yote mazuri ili mwanamke mwenye goti bovu asitembee kwa miguu kwenda kanisani, huyo si mtu mbaya.

Ndipo Perpetua aliponigeukia, polepole sana.

"Baba Mary."

"Naam."

"Yule mzee umemwita nini?"

Nikatazama mlima. Nikatazama ng'ombe.

"Amemwita mwizi wa mchana," alisema Mwalimu Mwita, ambaye hajawahi kunong'ona maishani mwake. "Akamwambia hana aibu. Na kidole alinyoosha."

"Baba mkwe wako," Perpetua akasema. "Umemnyooshea kidole baba mkwe wako, mbele ya mama yangu, akisikia kila neno."

"Sikujua!"

"Trekta hukujua. Mayai hukujua."

Mbele huko vumbi lilikuwa limesimama. Gari lilikuwa limesimama nalo, doa jeusi kwenye mbuga, limezungukwa na ng'ombe pande zote. Sikuweza kuona kama wamekwama, au wamebadili mawazo, au wananisubiri.

Simu yangu ikaita mfukoni. Nikaitoa. Jina lilikuwa la Mzee Gidamis, namba niliyoihifadhi siku moja mnadani na sijawahi kuipiga.

Niliiacha ilie. Nikamtazama mke wangu, niliyekuwa nimempata kwa muda wa mteremko mmoja tu, nikitafuta usoni mwake dalili yoyote ya jinsi nitakavyolala leo, Dongobesh na familia yangu au Dongobesh na nusu trekta.

Perpetua alifunga khanga yake kiunoni, akaikaza.

"Pokea," alisema. "Na uanze na shikamoo."